Beberu wa Galla Hamnyonyeshi Mtoto

Ukitaka kumfurahisha mfugaji wa mbuzi Machakos siku hizi, mtajie mbegu. Kwenye baraza la chifu, kwenye mkutano wa kikundi cha akina mama, kwenye vipindi vya kilimo redioni na kwenye hotuba za wanasiasa wanaokuja kugawa wanyama, wimbo ni ule ule: mbuzi wetu wadogo wa kienyeji hawalipi, tuletewe Galla wa nyama, tuletewe Boer wa uzito, tuletewe Toggenburg wa maziwa, na baada ya kizazi kimoja au viwili vya machotara Masinga, Yatta na Mwala zitakuwa nchi nyingine. Chini ya wimbo huo umelala usemi mwingine, hausikiki sana kwa kuwa hakuna anayeupinga: mbuzi ni mnyama mgumu, hujizalia mwenyewe na kujilelea mwenyewe, na kazi ya mwenye mali ni kupita jioni kuhesabu waliobaki. Kauli hizi mbili ni mapacha. Aliyekwisha kukubali kwamba mtoto wa mbuzi huishi au hufa kwa ugumu wa damu yake hana budi kutafuta dawa kwenye damu. Mimi nashikilia kwamba hasara kubwa ya mbuzi wa Machakos imejificha katika siku 3 za kwanza baada ya kuzaa, na kwamba shilingi ya kwanza, somo la kwanza na jasho la kwanza viende kwa mama aliyezaa na kitoto kilicholowa miguuni pake. Beberu aje baadaye.

Nianze na jambo ambalo hakuna daktari wa mifugo atakayebishana nalo. Mtoto wa binadamu hutoka tumboni akiwa na akiba ya kinga aliyopewa na mama yake kupitia kondo la nyuma. Mtoto wa mbuzi hutoka mikono mitupu. Kondo la mbuzi limejengwa kwa namna ambayo chembe za kinga hazipenyi kutoka damu ya mama hadi damu ya mtoto, kwa hiyo kila silaha aliyo nayo mama dhidi ya kuhara, pepopunda au vichomi imehifadhiwa kiweleni, ndani ya dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku ya kwanza. Na mlango wa kuipokea kinga hiyo haukai wazi. Utumbo wa mtoto huzipitisha chembe hizo zikiwa nzima katika saa 6 za mwanzo, kisha uwezo huo hupungua saa baada ya saa, na zikitimia saa 24 umekwisha. Baada ya hapo dang'a ni chakula kizuri, basi. Kiasi kinachotakiwa nacho si kikubwa: yapata mililita 50 kwa kila kilo ya uzito katika kunyonya kwa mara ya kwanza, na sehemu moja ya kumi ya uzito kabla siku haijaisha. Mtoto wa mbuzi wetu wa kienyeji huzaliwa na kilo 2 hivi. Hiyo ni chini ya nusu kikombe cha chai katika saa za mwanzo, na kikombe kisichojaa kwa siku nzima. Mbegu haibadilishi saa hizo wala kikombe hicho. Galla safi aliyepata ziwa kwa mara ya kwanza kesho yake mchana ana kinga haba kuliko mbuzi wa kienyeji aliyenyonya kabla mama hajamaliza kumlamba. Na bado wapo wanaoikamua dang'a na kuimwaga wakidhani ule umanjano ni uchafu unaomharisha mtoto. Hao humwaga chanjo ya kwanza ya maisha yake, tena ya bure.

Kinachofuata kwa karibu ni baridi. Wanaodhani Ukambani ni nchi ya jua tu hawajalala kwenye vilima vya Iveti au Mua mwezi wa Julai, wala hawajaona mvua ya Novemba inavyopiga boma lisilo na paa. Mtoto aliyelowa maji ya uzazi hupoteza joto upesi, na mafuta kidogo aliyozaliwa nayo ya kumpasha huisha kwa muda mfupi. Asiponyonya hupoa, akipoa hukosa nguvu za kunyonya, na duara hilo hufungwa usiku mmoja. Kipimo chake hakihitaji kifaa: tia kidole safi mdomoni mwake, na ukikuta ubaridi jua yuko hatarini hata kama bado analia. Hapo ndipo wengi hukosea kwa nia njema, wakamkamulia maziwa na kuyamimina kinywani. Mtoto asiyeweza kuinua kichwa hamezi sawasawa. Maziwa huingia mapafuni na kumuua mapema zaidi. Mtoto huanza kukaushwa kwa gunia au kitambaa kikavu, husuguliwa mbavu, huwekwa karibu na mafiga au kando ya chupa ya maji moto iliyofungwa nguo, na akishashika kichwa ndipo anaponyweshwa. Kuna pia suala la chuchu. Kila chuchu ya mbuzi aliyezaa huzibwa na ute ulioganda, na mtoto mnyonge anaweza kuivuta mpaka achoke asipate hata tone, huku anayemtazama kwa mbali akisema mbona ananyonya. Mkamuo wa mara mbili tatu huondoa ule ute. Baada ya hapo ni tumbo la mtoto litakalosema kweli: ubavu uliobonyea ni njaa, hata kama mkia unatikisika.

Najua jibu litakalokuja: babu zetu hawakufanya haya, na mbuzi hawakwisha. Jibu hili lina sauti ya hekima, lakini halina historia. Wamaasai wa Kajiado, majirani zetu ambao hakuna atakayewaita wafugaji wa kubembeleza mifugo, hutenga mahali ndani ya nyumba kwa ajili ya ndama na watoto wa mbuzi na kondoo. Wafugaji wa Wajir, Garissa, Marsabit na Isiolo, ambako ndiko alikotoka huyu Galla tunayemsifu, hawamtembezi mtoto mchanga nyuma ya mama yake kilomita nyingi juani. Humbakiza nyumbani kwenye zizi lake dogo lenye kivuli, na mama akirudi malishoni humkutanisha naye anyonye huku mtu akitazama nani amepata na nani amesukumwa. Ukambani kwenyewe, kumlaza mtoto wa mbuzi ndani karibu na moto wa jikoni si habari ya kumweleza mzee. Yaani ugumu wa mbuzi wa nchi kame ulikuwa na mikono ya watu nyuma yake. Tulichokifanya sisi ni kuichukua mbegu na kuuacha ulezi wake huko huko Wajir.

Na mazingira ya Machakos yameondoa hata ule ulezi wa bila kupanga. Mashamba yamegawanywa vipande, malisho ya pamoja yamepungua, watoto waliokuwa wakichunga wako darasani, na ni vyema wawe huko. Mbuzi sasa hufungwa kamba kando ya barabara au pembeni mwa shamba kuanzia asubuhi. Mtazame mbuzi anayezaa akiwa kwenye kamba. Kwa kawaida angejitenga, angechagua kivuli, angezunguka akimlamba mtoto upande huu na ule. Kamba inamwekea mpaka. Wa kwanza akiteleza mteremkoni nusu hatua nje ya mpaka huo, mama hulia lakini hamfikii. Wa pili akianza kutoka, wa kwanza husahaulika kabisa. Na mbwa wa jirani wanajua harufu ya kondo la nyuma kuliko sisi. Jioni mwenye mbuzi akifika hukuta mtoto mmoja amesimama na mwingine amekufa na kukakamaa, naye husema alizaliwa dhaifu. Hakuzaliwa dhaifu. Alizaliwa wa kwanza.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema vifo hivyo vina faida, kwamba wanyonge wakifa kundi linabaki na damu ngumu. Hoja hii ingekuwa na uzito kama kinachoua siku ya kwanza kingekuwa kinachagua damu. Hakichagui. Usiku wa mvua humuua aliyezaliwa usiku wa mvua. Njaa ya mama humuua mtoto wa mama aliyebeba mimba kiangazi. Na zaidi ya wote hufa mapacha, kwa kuwa kila mmoja huzaliwa mdogo, na mara nyingi mama hushikamana na yule aliyesimama mapema. Sasa fikiria maana yake. Mbuzi jike anayezaa mapacha ndiye hasa tunayemtaka, ndiye tunayemfuata kwa mamia ya maili na maelfu ya shilingi tukimwita mbegu bora. Tunapowaacha watoto wake wafe kwa jina la uchaguzi wa asili, tunang'oa katika kundi letu sifa ile ile tunayokwenda kuinunua.

Tuingie kwenye hesabu, ya mfano tu, ili kila mtu aibadilishe kulingana na boma lake. Chukua majike 10 wanaozaa watoto 12 katika msimu. Tafiti za ufugaji wa kienyeji barani Afrika zinatofautiana sana, lakini si ajabu kukuta watoto 20 au 30 katika kila 100 hawafikii kuachishwa ziwa, na sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea majuma ya mwanzo. Tuseme katika boma hili wanakufa 4, wanabaki 8. Mletee huyu mfugaji beberu bora, na tukubali kwa ukarimu kwamba kila chotara atakayebaki atakuwa na uzito wa moja ya tano zaidi. Wanane hao sasa wana thamani ya mbuzi tisa na nusu hivi wa zamani. Sasa mrudishe beberu kwenye lori, mwache yule yule wa kienyeji, ila katika wale 4 waliokuwa wafe uokoe 3. Anao 11. Na hawa 11 wamegharimu iodini, gunia kavu, lishe kidogo na macho ya mtu. Anayetaka vyote viwili nampongeza, kwani faida hizo zinazidishana. Ninachopinga ni mpangilio: kuleta cha pili kwanza, kisha kushangaa kwamba kundi halikui.

Tena beberu mkubwa huongeza kazi ya kuzalisha badala ya kuipunguza. Jike mdogo wa kienyeji aliyepandwa na Boer aweza kubeba mtoto mzito kuliko njia yake ya uzazi, na uchungu mrefu humtoa mtoto akiwa amechoka na mama akiwa hana hamu naye. Mtoto mkubwa hudai maziwa mengi kwa mama ambaye kiwele chake ni kile kile. Yaani chotara huhitaji mtu wa kumsimamia usiku ule kuliko alivyohitaji mbuzi wa kienyeji. Mradi unaoleta damu mpya bila kumfundisha mtu kushika mtoto, kupangusa pua, kutazama kiwele na kuchovya kitovu umeongeza hatari na kuiita maendeleo. Simchukii Galla. Ni mbuzi mzuri, anazaa vizuri, ana maziwa ya kutosha watoto wake, na nchi kavu anaijua. Kosa ni la wanaomleta kama mtu anayenunua mlango wa nyumba kabla ya kusimamisha kuta.

Kuna kundi jingine linalojiona la kisasa. Hawa wanasema ulezi wa usiku ni wa zamani. Siku hizi kuna agroveti, mtoto akilegea mpige sindano. Dawa za antibiotiki zina kazi yake, na mahali pake ni kwa ushauri wa daktari. Lakini sindano huua vijidudu vilivyokwisha kuingia, haimpi mtoto kinga aliyoikosa, haimpashi joto wala haimshibishi. Mtoto aliyekosa dang'a atadungwa leo, apone, kesho kutwa augue kingine, mpaka bei ya dawa ipite bei yake sokoni. Ajabu ni kwamba dawa yenye faida ya hakika siku hiyo ndiyo hainunuliwi. Kitovu kibichi ni njia iliyo wazi kuelekea ini na viungo. Anayeona mtoto wa majuma 2 amevimba magoti na kuchechemea anaona matokeo ya kitovu kilichogusa mbolea siku ya kuzaliwa. Iodini ndani ya kikombe kidogo, kitovu chote kikazamishwa mara tu mtoto anapokauka na tena baada ya saa kadhaa, huufunga mlango huo. Si majivu, na si samadi kabisa, kwa sababu samadi ndiyo makao ya pepopunda. Na anayetaka kutumia sindano kwa busara amdunge mama mapema: jike akichanjwa dhidi ya pepopunda na sumu za utumbo yapata mwezi mmoja kabla ya kuzaa, kinga hiyo hupita kwenye dang'a na kumfikia mtoto kwa njia yake ya asili.

Hapo ndipo mjadala wetu unapomsahau kabisa mama. Husemwa mbuzi amezaa salama mara mtoto anapolia, kana kwamba kazi ya jike imekwisha, wakati ndiyo inaanza. Aliyezaa ana kiu kabla hajawa na njaa, na maji safi yenye vuguvugu ndiyo karamu yake ya kwanza. Kondo la nyuma kwa kawaida huanguka ndani ya saa 12. Likichelewa halivutwi, maana kulivuta huchana na kuacha vipande ndani vikioza. Likipita siku nzima huitwa daktari. Utoko wenye rangi ya damu kwa majuma 2 si ugonjwa, lakini wenye harufu ya uvundo, pamoja na mama aliyezubaa na kukataa malisho, ni ugonjwa. Kiwele kishikwe kwa mkono kila siku: upande mmoja ukiwa mgumu na wa moto, au maziwa yakitoka na mabonge, mtoto anayeonekana mvivu huenda anakufa njaa kando ya ziwa lililojaa. Na pale mimba inapoharibika, mikono mitupu isiguse. Ugonjwa wa brusela na homa ya Bonde la Ufa, ambayo iliisumbua Kenya vibaya mwaka 1997 na tena 2006, hupita kutoka mifugo hadi kwa watu kwa njia kama hizo. Mwanamke mjamzito akae mbali kabisa, na kilichotoka kifukiwe shimo refu.

Ulezi wa mama, kwa kweli, huanza kabla. Mimba ya mbuzi ni ya siku 150 hivi, na sehemu kubwa ya uzito wa mtoto, karibu theluthi mbili, huongezeka katika majuma 6 hadi 8 ya mwisho. Kwa Machakos hili lina tarehe. Mvua tunayoitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Jike aliyepandwa ovyo mwezi wa Mei atamaliza mimba Septemba na Oktoba, wakati majani yamekwisha na vumbi ndilo lililobaki, azae akiwa mifupa, dang'a ikiwa haba. Aliyepandwa Julai atapata majani mapya katika majuma yale ya mwisho na kuzaa Desemba akiwa na maziwa. Kumtenga beberu miezi miwili hakuhitaji ruzuku ya serikali. Na hata kwa aliyechelewa kupanga, nchi hii ina chakula kinachochomwa moto kila mwaka. Machakos ni nchi ya mbaazi. Zikivunwa Agosti na Septemba na kupurwa uani, majani na maganda yake hubaki marundo, pamoja na ya kunde na ndengu. Hiki ni chakula chenye protini cha kumlinda jike mwenye mimba hadi mvua ifike, na familia nyingi huliacha rundo lilowe au hulitia kiberiti kusafisha uwanja wa sherehe.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la kazi. Nani atakesha? Mara nyingi jibu ni mwanamke, yule yule aliyekwenda mtoni, shambani na jikoni, na mbuzi akiuzwa Januari kwa ajili ya karo, anayepokea pesa huenda si yeye. Pingamizi hili ni la kweli na halijibiwi kwa semina. Lakini tuangalie kazi yenyewe ni kiasi gani. Mbuzi wengi humaliza kuzaa bila kuguswa. Kinachotakiwa ni kumfungua kamba, kumwingiza mahali pakavu siku kiwele kinapojaa na misuli ya mkiani kulegea, kuwapo saa ya kwanza, na kurudi kuangalia mara kadhaa katika siku 3. Kwa mwenye majike 3 au 4 hizo ni siku chache kwa mwaka. Na anayesema mbuzi 3 hawastahili usumbufu amegeuza hesabu chini juu, kwa kuwa mwenye 300 akipoteza wawili hajui, mwenye 3 akipoteza wawili amepoteza mwaka. Kuhusu nani apokee pesa, hilo lisemwe wazi ndani ya nyumba na ndani ya chama: anayekesha awe na wake kwenye kundi.

Machakos ina ushahidi wake kuhusu kazi ya mikono dhidi ya dawa ya kuletwa. Mwaka 1937 Colin Maher, mtaalamu wa kilimo wa serikali ya kikoloni, aliielezea ardhi ya Machakos kama nchi inayokufa. Mwaka uliofuata dawa ikaja kutoka juu, nayo ilikuwa kunyang'anya ng'ombe ili kupunguza idadi yao. Wakamba wakaandamana hadi Nairobi, na Muindi Mbingu aliyewaongoza akahamishiwa Lamu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wa wilaya hiyo walikuwa wameongezeka mara kadhaa huku mmomonyoko wa udongo ukipungua. Kilichofanya kazi kubwa ni matuta ya fanya juu, yaliyochimbwa mteremko kwa mteremko, mengi yao na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vilivyojaa wanawake. Mahindi ya Katumani nayo yalisaidia, sikatai, lakini mbegu hiyo haikusimama yenyewe kwenye udongo unaokimbia. Kama mwethya uliweza kushika kilima kizima kwa jembe na sururu, unaweza kupangiana zamu ya kumtazama jirani aliye na mbuzi anayekaribia kuzaa, na kununua chupa moja ya iodini ya kijiji.

Pingamizi la mwisho ni hili: magonjwa makubwa na ukame vitawamaliza hao mtakaowaokoa. Ni kweli kwamba homa ya mapafu ya mbuzi na sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Kenya mwaka 2006, haziheshimu mtoto aliyelelewa vizuri, na chanjo haziepukiki. Lakini mtoto aliyenyonya vyema na kukua bila kudumaa hufika kwenye minyoo, viroboto na kiangazi akiwa na akiba. Mwenzake hufika amekwisha. Ukame nao humwanzia mama, ukakausha ziwa kabla haujamgusa mtoto, kwa hiyo anayemlisha mama ndiye anayepambana na ukame. Ethiopia, ambayo ina mifugo mingi kuliko sisi, ilijaribu jambo hili miaka ya karibuni pamoja na wafugaji wa maeneo kadhaa: dang'a mapema, kitovu, makao makavu, lishe ya mama na mtoto, maji na tiba ya msingi. Vifo vya ndama, watoto wa mbuzi na wa kondoo vilishuka sana, kwa wanyama wale wale waliokuwapo.

Tangu 2013 huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo hakuna haja ya kuisubiri Nairobi. Kaunti ya Machakos na miradi inayofanya kazi ndani yake isitoe beberu hata mmoja kwa kikundi ambacho wanachama wake hawajafundishwa, kwa vitendo na kwenye boma la mbuzi anayezaa, jinsi ya kumpokea mtoto na kumtunza mama siku 3. Maafisa wawaulize wafugaji wangapi walizaliwa na wangapi waliachishwa ziwa, waandike namba zote mbili, na mradi upimwe kwa ya pili. Na wewe unayeandika ombi la kikundi mwaka huu, juu ya mstari wa beberu wa Galla andika kwanza iodini, paa la banda na chanjo ya majike. Wakikukatalia, uliza sababu kwa maandishi.